Ajali Kumi na Moja za Mwalimu Klachi

Alikaa.

Najua wiki nzima mmebishana. Muuza magazeti wa mtaani kwangu kaniambia kuna waliowekeana dau la chai: Mwalimu Klachi akishaona ni nani yuko nyuma ya dirisha namba sita, atavuta kiti au atatimua mbio? Mliosema atakimbia, nunueni chai. Alikaa, tena si kwa ujasiri. Kiti kilikuwa karibu kuliko mlango.

Chini ya kibao kilichoandikwa MADEREVA WA HATARI KUBWA alikuwa binti yake wa pekee.

Miaka minne hakuwa amemtia machoni. Alikuwa amekonda, kavaa miwani, nywele kazibana nyuma kama mtu asiyetaka usumbufu. Lakini ufupi ulikuwa ule ule uliompa jina la Kisoda tangu darasa la kwanza. Hata kwenye kile kiti cha ofisi, miguu yake ilikuwa inaning'inia.

"Kisoda," baba mtu alisema.

"Hapa naitwa afisa. Nipe kikaratasi chako cha namba."

Akampa. Kikaratasi kilikuwa kimelowa jasho la kiganja.

"Shida?"

"Bima ya gari. Inaisha leo."

"Gari gani?"

"Lile lile."

Kalamu ya binti ilisimama kidogo, kisha ikaendelea kuandika.

"Swali la kwanza," akasoma kwenye fomu. "'Je, mwombaji ana undugu wowote na afisa anayemhudumia?'"

Feni ya mezani iligeuka kulia, ikageuka kushoto.

"Nikijaza ndiyo," Kisoda akasema bila kuinua macho, "faili linakwenda kwa mwenzangu. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi, harudi mpaka miezi mitatu ipite. Gari lako litakaa juu ya mawe. Kwa hiyo niambie. Tuna undugu, mzee?"

Jamani! Mtu aliyemkata kucha, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, aliyembeba mgongoni siku ya mvua asichafue soksi za shule, leo anaulizwa hivyo, na foleni nzima inasikia.

"Hapana," Mwalimu Klachi akajibu.

"Hata mimi naona hivyo."

Akaweka alama kwenye hapana, akafungua ukurasa wa pili.

Kama gazeti hili umeliokota leo kwa kinyozi na hadithi huijui, usijali, nakupa kwa ufupi. Mwalimu Klachi anafundisha udereva. Jina hilo kapewa na wanafunzi, maana kutwa anapiga kelele, "Klachi! Klachi kwanza!" Gari lake lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Miaka minne iliyopita gari hilo lilipata ajali. Mkewe, aliyekuwa kiti cha nyuma, akafariki. Binti yao akalala hospitali siku nane hajitambui, na alipozinduka hakukumbuka hata alichokula asubuhi ya siku ile. Aliuliza swali moja tu: nani alikuwa anaendesha?

Baba yake akasema, mimi.

Kisoda akageukia ukutani. Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo, na tangu hapo hajapokea simu ya baba yake hata ya mkono wa sikukuu.

Sasa turudi dirishani.

"Mwezi jana umesajili ajali nyingine," Kisoda alisema. "Mtaani wanasema ni fundi viatu kapanda ukingo wa barabara, kang'oa kibao cha kivuko. Imekuwa ya kumi na moja kwa miaka kumi na tisa. Ukizidi kumi, ghorofa ya chini hawakutaki tena. Unapandishwa hapa kwangu."

"Nimeambiwa."

"Na masharti umeambiwa?"

"Nisomee."

Akasoma haraka haraka, kama mtu anayesoma majina ya watoro.

"Bima kubwa sahau, utapata ndogo tu. Ada ni mara tatu ya wenzako, na unalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ukigonga, sehemu ya kwanza ya hasara unabeba mwenyewe. Utapimwa macho na daktari wetu, siyo wako. Gari litafungwa kifaa cha kurekodi mwendo, ukipita kiwango mara tatu bima inakufa. Na utarudia mtihani wa barabarani."

"Mtihani huo ndio ninaofundisha watu."

"Basi utafaulu."

Nyuma kwenye foleni mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Nakubali yote," Mwalimu Klachi akasema.

Alikuwa anakubali kweli. Alikwishapiga hesabu za kuishi: atauza friji, atahama chumba cha mbele. Nje ya gari lile hakuwa na kazi nyingine anayoijua, na umri wake si wa kwenda kujifunza kushona.

"Hujamaliza kusikia," Kisoda akasema. "Aliyezidi ajali kumi anaeleza kila moja kwa mdomo, mbele ya afisa, na maelezo yanalinganishwa na picha zilizoko kwenye faili. Ndiyo sharti la mwisho."

Akanyanyua simu ya mezani.

"Masjala? Naomba faili la gari la kufundishia, namba ninayokutumia. Ndiyo, la zamani. Na bahasha ya picha."

Hapo ndipo Mwalimu Klachi alipoanza kuogopa. Ada mara tatu haikumtisha, mtihani haukumtisha. Picha!

Maana ninyi na mimi tunajua kwamba siku ile hospitali, mzee alidanganya.

Aliyeshika usukani alikuwa Kisoda mwenyewe, na kibali cha kujifunzia mfukoni, wiki moja kabla ya mtihani wake. Lori la mchanga lilirudi nyuma kutoka kwenye uwanja wa ujenzi bila kupiga honi. Msichana alikata usukani kama alivyofundishwa, tena vizuri, mbele ya gari ikapona. Nyuma ndiko kulikopokea kishindo chote.

Fomu ya ajali Mwalimu aliijaza akiwa bado na damu kwenye mikono ya shati. Palipoandikwa "dereva" aliandika jina lake. Mwanzoni yalikuwa mazoea tu. Miaka yote mwanafunzi wake akigonga, ni yeye anayejiandika, ili mtoto wa watu asianze maisha ya barabarani na doa. Kisha Kisoda akazinduka na kuuliza swali lake, na mazoea yakageuka uamuzi. Binti akimchukia baba yake, ataishi. Akijua ni mikono yake mwenyewe, mzee hakuwa na hakika kama ataishi.

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema. Hii ya Mwalimu Klachi imechukua miaka minne, na imeishia dirisha namba sita.

Kwa sababu siku ile mpiga picha wa kampuni alipiga ndani ya gari. Mwalimu aliiona picha ile mara moja, juu ya meza ya mkaguzi. Kiti cha dereva kimesogezwa mbele kabisa, na juu ya kiti pana takia. Takia la Kisoda! Mama yake alimshonea kwa mabaki ya pazia la njano, akalijaza pamba mpaka likawa gumu, kwa sababu bila takia lile mtoto alikuwa anaona usukani tu, barabara haioni. Mkaguzi alikuwa na haraka zake. Hakujiuliza jitu lenye urefu wa mlango, ambalo kichwa chake kinagusa dari ya gari, linakalia takia la nini.

Kisoda hatahitaji kujiuliza mara mbili.

"Tuanze wakati tunasubiri," binti alisema, akafungua orodha. "Ajali ya kwanza. Umegonga geti la shule."

"Niligonga."

"Ukiwa mwendo gani?"

"Mdogo."

Kisoda alisoma tarehe. Akakunja uso.

"Huyu ni mama wa duka la vitambaa," akasema polepole. "Nilikuwa darasa la tatu. Alikuja nyumbani kulia. Mama akampikia uji."

Mzee akaitazama feni.

"Ya pili. Umeingia kwenye bustani ya mzunguko." Akatazama tena tarehe. "Mchungaji. Yule aliyefumba macho kuomba kabla ya kuingia mzunguko, akasahau kuyafumbua."

"Faili linasema ni mimi."

"Ya tatu, mkokoteni wa matofali. Huyo daktari wa meno. Ya nne na ya tano, siku moja, saa moja, ukuta mmoja." Mdomo wa binti ulicheza kidogo pembeni. "Pacha. Wa kwanza kaugonga, wa pili akasema mimi siwezi kuugonga."

"Walikuwa wanajiamini," mzee alisema, na yeye akajikuta anatabasamu.

"Hizi si zako."

"Zina sahihi yangu. Mwanafunzi hana ajali..."

"...ajali ni za mwalimu," Kisoda akamalizia.

Aliimalizia bila kutaka. Sentensi ile aliisikia mezani, akiwa anakula, tangu hajajua kusoma. Kwa kitambo kidogo, msomaji, pale dirishani palikuwa na baba na mwanawe. Feni iligeuka kulia, ikageuka kushoto, na hakuna aliyevua tabasamu.

Kisha Kisoda akaanza kuhesabu kwa vidole. Akapita ya sita, ya saba, ya nane, kila moja akaitajia mtu wake. Akairuka ya tisa. Ya kumi na ya kumi na moja alizisikia kwa mama yake mdogo, nazo akazitajia watu. Tabasamu likaondoka.

"Kumi zina wenyewe," akasema. "Kwa hiyo wewe, maisha yako yote, umegonga mara moja tu."

Mzee alijua kinachokuja. Hakuwa na breki ya kukizuia.

"Moja tu. Na hiyo moja ukamchagua mama."

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni aliinamisha uso. Mwalimu Klachi alitazama meza. Alitaka kusema mwanangu, akakumbuka kwamba dakika kumi zilizopita amekana undugu kwa maandishi.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo ni yangu."

"Swali hili halimo kwenye fomu." Sauti ya Kisoda ilishuka. "Siku ile ulikuwa unatazama wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Mama yako alisema neno akanichekesha, nikageuka. Breki ilikuwa chini ya mguu wangu. Nilichelewa."

Hapo hakudanganya hata nukta. Breki ya mwalimu ilikuwa chini ya mguu wake, na kazi ya mwalimu ni kuikanyaga. Kila usiku wa miaka minne ameikanyaga kitandani, shuka limetoboka penye kisigino. Ndiyo maana uongo wake haukuwahi kumkaa mdomoni kama uongo.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Mama. Neno alilokuchekesha. Ndilo alilosema la mwisho, siyo? Alisema nini?"

Sasa hapa, msomaji, naomba unielewe huyu mzee.

Mkewe alikuwa ameegemea katikati ya viti viwili. Alimgonga mumewe begani, akasema, "Baba Kisoda, tafuta kazi nyingine. Huyu ananiendesha vizuri kuliko wewe." Mzee akaangua kicheko, akageuka kumjibu. Kisoda naye alicheka, macho yake mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Hakuna mama aliyemwachia mtoto wake urithi mzuri kuliko huo. Miaka minne mzee ameutunza kama barua ya mtu mwingine, iliyofika kwake kwa makosa. Mara ngapi ameamka alfajiri akataka kwenda kugonga kwa shemeji yake aipeleke? Lakini barua haipelekwi nusu. Ukisema mama alimsifu dereva, umesema dereva alikuwa nani.

"Sikumbuki," Mwalimu Klachi akasema.

"Hukumbuki."

"Ni muda mrefu."

"Maneno ya mwisho ya mama yangu, wewe hukumbuki." Kisoda alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena, na ilikuwa na ukungu ule ule. "Mimi kichwa kiliumia. Nina cheti cha daktari. Wewe una cheti gani?"



Mlango wa nyuma ulifunguka. Akaingia mtunza masjala, mtu wa makamo mwenye koti la kazi, faili nene kwapani na bahasha ya kaki juu yake. Bahasha ilikuwa imebandikwa utepe. Akaviweka mezani, akapuliza vumbi likapita chini ya kioo likamwendea Mwalimu Klachi usoni.

"Halijaguswa hili tangu lilipofungwa, dada."

"Najua," Kisoda akasema. "Mwaka mzima nafanya kazi kwenye ghorofa moja nalo. Kila asubuhi napita mlango wa masjala. Sijawahi kuthubutu kuliomba." Akamtazama baba yake machoni kwa mara ya kwanza. "Leo limekuja lenyewe. Nataka nione ulimfanya nini."

Mkono wake ukaenda kwenye utepe.

"Nafuta ombi!"

Mwalimu Klachi alisema kwa nguvu mpaka dirisha namba tano wakageuka. Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Unafuta?"

"Sitaki bima tena. Faili lirudi lilikotoka. Bila kufunguliwa."

"Na gari?"

"Nitauza."

"Na wanafunzi?"

"Watapata mwalimu mwingine mwenye ajali chache."

Kisoda aliuacha utepe. Uso wake ulibadilika, na si kwa huruma.

"Gari ulilitaka," akasema. "Masharti yote ulikubali, macho, mtihani, ada mara tatu. Mpaka ilipokuja picha ya mama. Kumbe unaweza kila kitu isipokuwa kumtazama."

"Ndiyo."

"Wewe ni mwoga."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nimeshajaza hapana. Usiniite hivyo."

Akavuta droo, akatoa fomu ya kufuta ombi, akaisukuma chini ya kioo. Mwalimu Klachi aliisaini bila kuisoma. Miaka kumi na tisa, wanafunzi wasiohesabika, na ilihitaji mstari mmoja wa wino! Lakini moyoni, nawaambia ukweli, alikuwa ametulia. Kazi imekwenda, mtoto amepona. Angeulizwa tena angesaini tena.

Aliokota kiti, akakiweka vizuri. Akasimama kidogo.

"Unakula lakini?" akauliza.

"Anayefuata!" Kisoda akaita.

Mzee akaondoka. Alikuwa amefika kwenye mlango wa kioo, mkono kwenye kitasa, aliposikia nyuma yake sauti ya mtunza masjala, ya mtu anayekumbusha jambo la kila siku.

"Dada, ombi likifutwa faili unalifunga hapa hapa, mimi silirudishi likiwa wazi. Muhuri kila karatasi. Na picha nazo, unazitoa, unaziandikia idadi, unapiga muhuri nyuma moja moja."

Kitasa kilimponyoka.

Aligeuka. Akarudi mbio, kadiri miguu ya umri ule inavyojua mbio. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Mzee, wapi?"

"Dirisha namba sita. Nimesahau kitu."

"Ukishahudumiwa unachukua namba upya."

"Ni neno moja tu, bwana mkubwa."

"Hata hao wote wana neno moja moja."

Akavuta namba upya. Tisini na nne. Ubaoni iliwaka sitini na mbili.

Akachungulia juu ya vichwa vya watu. Alimwona Kisoda amevuta kisanduku cha wino. Akamwona anapiga muhuri, karatasi moja, karatasi ya pili, bila kusoma, kwa hasira, meza inatikisika. Labda picha nazo atazipiga nyuma tu bila kuzigeuza! Kisha bwana mmoja mnene, namba sitini na mbili, akaenda kukaa, mgongo wake ukaziba dirisha lote.

Mwalimu Klachi alisimama pale mpaka mlinzi alipomwonea aibu. Halafu akashuka ngazi.

Uani gari lilikuwa linamngoja, limeelekezwa nje kama anavyofundisha, kwa mtu anayejua ataondoka. Nyuma lilinyooshwa na fundi mzuri. Usipoambiwa hujui.

Akatoa spana kwenye mfuko wa mlango, akaanza kufungua kibao chenye herufi L kilichoko juu ya paa. Nati ya kwanza ilikuwa na kutu. Alifanya kazi hiyo taratibu, kwa sababu baada yake hakukuwa na kazi nyingine. Kwenye buti, chini ya tairi la akiba, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na takia la njano. Alilifua mwenyewe mara tatu. Kuna doa halikutoka, na kulichoma alishindwa, kwa kuwa mishono ile yote ilikuwa ya mkono wa mkewe. Leo nitalitupa, akajiambia. Leo hii, kabla ya kufika nyumbani.

Nati ya tatu ilipolegea, alisikia viatu kwenye kokoto.

Hakugeuka. Kuna hatua ambazo baba hahitaji kuziangalia. Zilikuwa fupi fupi na za haraka, kisha zikapungua kasi, kisha zikasimama upande wa pili wa gari.

Kisoda hakuwa na miwani. Mkononi alishika picha moja, haina muhuri. Hakumtazama baba yake. Alitazama mlango wa dereva, kwa muda mrefu; miaka minne hakuwa amegusa mlango wa dereva wa gari lolote. Halafu akaufungua akaingia.

Kiti kilikuwa nyuma kabisa, kama anavyokaa baba yake. Akatafuta kitasa cha chini, akakivuta, kiti kikateleza mbele mpaka mwisho. Mikono yake ikaenda kwenye usukani yenyewe, mmoja huku, mmoja huku, kama alivyofundishwa. Akanyoosha shingo. Pua yake ndiyo iliyofika juu ya usukani. Barabara haikuonekana.

Mwalimu Klachi alikuwa ameinama kwenye dirisha, spana mkononi.

Kisoda akaiegemeza picha kwenye dashibodi, taratibu, ili wote wawili waione. Alipozungumza ilikuwa sauti ya darasa la tatu.

"Baba," akasema, "takia langu liko wapi?"